Macho ya Wazee: Yanatiririka Machozi, Kumbe ni Makavu



Wazee wengi wanaofika hospitalini kwa ajili ya macho huja wameshika leso au ncha ya khanga mkononi. Wanafuta, wanatulia kidogo, wanafuta tena. Ukimwuliza mmoja wao anasumbuliwa na nini, jibu huwa karibu ni lile lile: "Nesi, macho yananitoka maji tu, hasa kukiwa na upepo, na ndani ni kama kuna mchanga." Ukishampima na kumwambia, "Mama, macho yako ni makavu," anakutazama kwa mshangao, kisha anamgeukia mjukuu aliyemsindikiza kana kwamba anasema: huyu nesi hanisikilizi.

Mshangao huo una haki yake, na ndiyo sababu ya ukurasa huu. Jicho la mzee laweza kutiririsha machozi kutwa nzima na bado likawa kavu. Kwa kuwa jambo hili halijulikani, wazee wengi huteseka miaka na miaka wakiambiwa "ni uzee tu", wengine hutiwa dawa zinazowapofusha, na huku kwetu Usukuma wapo waliofikwa na mabaya zaidi ya hayo kwa ajili ya macho mekundu. Jambo hilo nitalifikia. Kwanza tuyajue machozi yenyewe.

MACHOZI SI MAJI MATUPU

Tumezoea kufikiri kwamba machozi ni ya kulilia. Lakini machozi ya kulia ni sehemu ndogo tu ya kazi. Usiku na mchana, mtu akiwa na furaha au huzuni, jicho lake limefunikwa na utando mwembamba sana wa machozi. Ni kidogo mno: machozi yote yaliyo juu ya jicho moja kwa wakati mmoja hayazidi robo ya tone la dawa ya macho. Kila tunapopepesa macho, kiasi cha mara 15 kwa dakika, kope hupita juu ya utando huo na kuutandaza upya, kama mama anavyopitisha mkono kusawazisha unga kwenye ungo.

Utando huo una vitu vitatu ndani yake. Chini kabisa, pale unaposhikana na jicho, kuna ute. Ute hutolewa na chembe ndogo zilizomo katika ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, na kazi yake ni kuyafanya maji yashike. Bila ute maji yangekusanyika vitone vitone kama maji juu ya jani la mgomba. Juu ya ute ndipo kuna maji, ambayo kwa wingi hutoka katika tezi ya machozi. Tezi hii imejificha ndani ya mfupa, juu ya jicho upande wa nje, chini ya nyusi. Na juu ya yote kuna mafuta. Haya hutoka kwenye tezi nyembamba zilizopangwa ndani ya kope, zipatazo 25 hadi 40 katika kope ya juu na pungufu kidogo katika ile ya chini. Matundu yake yapo ukingoni mwa kope, nyuma tu ya nywele. Mafuta hayo ni machache lakini ndiyo yanayozuia maji yasikauke kwa jua na upepo.

Machozi yana kazi nyingine ambazo maji ya kisimani hayawezi kuzifanya. Kile kioo cha mbele ya jicho kiitwacho konea hakina mishipa ya damu. Kingekuwa nayo tusingeona sawasawa. Basi hewa ya oksijeni hukifikia kwa kupitia machozi. Tena machozi hubeba kinga. Mwaka 1922 Alexander Fleming, yule yule aliyekuja kugundua penisilini baadaye, alitangaza kwamba ndani ya machozi na ute wa mwili kuna kitu kinachoua vijidudu. Ndiyo maana vumbi la barabarani huingia machoni mwetu kila siku na hatupati vidonda kila siku.

UMRI UNAFANYA NINI

Watu husema machozi "yanaisha" uzeeni. Si kweli kabisa. Kinachotokea ni kwamba sehemu zote zinazoshughulika na machozi huchakaa, kila moja kwa mwendo wake, na mwishoni hazipatani tena.

Tezi ya machozi hupungua taratibu. Sehemu zake zinazotengeneza maji husinyaa, vijifereji vyake hukaza, na mahali pake pakaingia mafuta na makovu. Kwa kawaida upungufu huu huanza kuonekana baada ya miaka 50, ingawa hakuna mstari uliochorwa. Nimewaona wenye miaka 80 wenye macho yanayong'aa kama ya kijana, na wa miaka 45 ambao tayari wanateseka.

Hata hivyo, kwa wazee wengi shida kubwa haiko kwenye maji. Iko kwenye mafuta. Tezi za kope huziba. Mafuta ambayo kwa kijana ni mepesi kama mafuta ya alizeti, kwa mzee huwa mazito na kuganda ndani ya tundu lake, hata ukibonyeza kope yanatoka kama dawa ya meno. Tezi iliyoziba muda mrefu hufa, na ikishafa hairudi. Hapo hata kama maji ni ya kutosha, yanakauka upesi mno. Kwa mwenye macho mazima utando wa machozi hudumu sekunde 10 au zaidi kabla ya kukatika. Kwa mwenye shida hii unakatika kabla ya sekunde tano, yaani kabla hajapepesa tena.

Wanawake hupata shida hii kuliko wanaume, hasa baada ya kukoma hedhi. Tezi za mafuta na tezi ya machozi hutegemea homoni, zikiwemo zile zinazoitwa za kiume ambazo kila mwanamke anazo kidogo mwilini. Homoni hizo zikishuka, tezi nazo hulegea.

Tena kuna kope zenyewe. Ngozi ya mzee hulegea. Kope ya chini yaweza kuanguka na kugeukia nje, jicho likabaki wazi kama mlango usiofungika. Au yaweza kugeukia ndani, nywele zikakwaruza konea. Wazee wengine hulala macho yakiwa wazi kidogo bila wao kujua. Ukiamka kila siku na macho yanayouma kuliko ulivyolala, mwombe mtu wa nyumbani akuangalie usiku.

KWA NINI JICHO KAVU LINATOA MAJI?

Konea ina mishipa ya fahamu mingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Ndiyo sababu chembe moja ya mchanga hukufanya usahau shughuli zote. Utando wa machozi unapokatika na konea kubaki wazi, mishipa hiyo hupeleka habari kwenye ubongo: kuna hatari. Ubongo hautofautishi ukavu na moshi wa kuni au kitunguu. Unaiamuru tezi ya machozi ifungulie maji, nayo inafungulia kwa nguvu zake zilizobaki.

Lakini haya ni maji ya haraka. Hayana mafuta ya kutosha wala ute wa kutosha, kwa hiyo hayashiki. Fikiria mvua kubwa ya kwanza inayonyesha juu ya mbuga iliyokauka tangu Juni. Maji yanapita juu, yanakimbilia mtoni, na ukichimba kwa jembe udongo wa chini ni mkavu vile vile. Machozi ya mzee yanateremka shavuni, na baada ya dakika chache jicho linachonyota tena. Ndiyo maana huzidi akikaa upeponi, akipanda pikipiki, akisoma kwa muda mrefu au akitazama simu. Anaposoma au kutazama simu mtu husahau kupepesa.

Sisemi kwamba kila jicho linalotoa maji ni kavu. Machozi yaliyotumika hutoka kupitia vitundu viwili vidogo kwenye pembe ya jicho upande wa pua, kisha hushuka kwa mfereji hadi puani. Ndiyo sababu mtu akilia pua nayo humwagika. Kwa mzee mfereji huu waweza kuziba, na vitundu vyaweza kugeuka nje pamoja na kope iliyolegea. Hapo maji hayana pa kwenda ila shavuni. Uvimbe wenye maumivu kati ya jicho na pua, au usaha unaotoka ukibonyeza hapo, ni dalili kwamba mfereji umeziba na umeingiwa na vijidudu. Hilo ni la hospitali.

Kwa umri mkubwa zaidi hutokea jambo jingine la kutahadhari. Mishipa ya konea nayo hupungukiwa na hisia. Mzee anaweza kuwa na ukavu mkali, hata kidonda, na asisikie maumivu makubwa. Basi watoto na wajukuu, msingoje bibi alalamike. Mwangalieni.

DALILI, NA JINSI YA KUTOFAUTISHA NA MTOTO WA JICHO

Mwenye macho makavu husikia mchanga, kuchoma, uzito wa kope, na uchovu wa macho jioni. Asubuhi kope zimegandamana kidogo. Macho huwa mekundu yote mawili, si sana, lakini siku zote. Na kuna ishara moja ambayo hunisaidia hata kabla sijachukua tochi: nawauliza kama kuona kwao kunabadilika. Mwenye macho makavu atasema, "Naona ukungu, nikipepesa naona vizuri, halafu ukungu unarudi." Ukungu wa mtoto wa jicho hauondoki kwa kupepesa. Huo upo leo, kesho na mwezi ujao, na unazidi polepole. Wazee wengi wana yote mawili, lakini ni vizuri kujua lipi linakusumbua zaidi.

Presha ya jicho, ile inayoharibu mshipa mkuu wa kuonea, ni jambo tofauti kabisa. Kwa kawaida haiumi wala haitoi machozi, ndiyo maana inapofusha watu kimyakimya. Akija mzee kwa machozi, naomba apimwe na hiyo pia. Safari ya hospitali ni ndefu, tuitumie vizuri.

Hospitalini kipimo cha machozi ni rahisi. Kipo kipande cha karatasi chenye upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 35. Huning'inizwa ndani ya kope ya chini kwa dakika 5, kisha unatazama maji yamepanda hadi wapi. Yakiwa chini ya milimita 5, tezi ya machozi imechoka sana. Kipimo hiki kilibuniwa na daktari wa Kijerumani aitwaye Schirmer mwaka 1903 na mpaka leo tunakitumia. Kingine ni tone la rangi ya manjano, ambalo kwa mwanga wa buluu huonyesha mahali konea ilipokwaruzika na jinsi utando unavyokatika.

MOSHI NA MACHO MEKUNDU

Sasa nije kwenye lile nililoahidi.

Huku kwetu miti mingi ilikatwa zamani kwa ajili ya pamba na malisho. Kuni zimekuwa za shida, na katika nyumba nyingi akina mama wamepikia mabua na kinyesi cha ng'ombe. Moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyeanza kupika akiwa na miaka 10 na sasa ana 70 amekaa mbele ya moshi huo miaka 60, mara nyingi katika jiko lisilo na dirisha. Moshi huo huwasha jicho na kuchubua ngozi yake, na huvuruga ule utando mwembamba tuliousema. Ongeza tezi za mafuta zilizoziba, ongeza homoni zilizoshuka, ongeza vumbi la kiangazi. Macho yake yatakuwa mekundu. Yasipokuwa mekundu ndipo ningeshangaa. Mume wake wa umri ule ule, aliyekuwa akiletewa chakula chini ya mti, hana macho hayo.

Na kwa macho hayo watu wamemwita mchawi. Takwimu za serikali za miaka ya 1970 hadi 1984 zilionyesha kwamba watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na zaidi ya nusu yao katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mauaji hayo hayakuishia mwaka 1984. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeendelea kuyaorodhesha katika taarifa zake za miaka ya 2000 na 2010. Najua kwamba nyuma ya panga mara nyingi kuna ugomvi wa shamba au mirathi, na mganga aliyelipwa kutaja jina. Lakini macho mekundu ndiyo yaliyotumiwa kama ushahidi mbele ya majirani.

Mimi ni muuguzi, na kwa upande wa ushahidi huo naweza kusema kwa uhakika: wekundu huo ni wa moshi, wa ukavu, na wakati mwingine wa vikope. Unaonekana kwa tochi, unapimwa kwa karatasi, na mara nyingi unapungua kwa maji ya moto na matone ya dawa. Hakuna kitu kingine ndani yake. Wazazi, waambieni hivyo watoto wenu wanapowacheka mabibi njiani.

Niongeze la pili. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe hushambulia tezi za machozi na za mate. Unaitwa ugonjwa wa Sjögren, kwa jina la daktari wa Uswidi aliyeueleza mwaka 1933. Huwapata zaidi wanawake wa makamo, na wengine wao wana baridi yabisi pia. Mwenye ugonjwa huu mkali, kinywa chake ni kikavu hata ugali haushuki bila maji, na machoni machozi hayatoki. Anaweza kulia msibani kwa moyo wote na tone lisianguke. Maneno yanayosemwa juu ya mama wa namna hiyo katika matanga tunayajua. Mleteni hospitalini badala ya kumsema.

MAGONJWA NA DAWA NYINGINE ZINAZOKAUSHA

Kisukari huharibu mishipa ya konea na kupunguza machozi. Kupooza uso na ukoma huzuia kope kufunga. Vikope, yaani trakoma, huacha makovu ndani ya kope, huua chembe za ute na kuzigeuza nywele zikwaruze jicho. Mzee anayeng'oa nywele za kope kwa kibano mara kwa mara anahitaji operesheni ndogo ya kope, ambayo haimlazi wodini.

Dawa nazo zimo. Vidonge vya mafua na mzio kama Piriton, amitriptilini ya maumivu ya mishipa na usingizi, vile vya presha vinavyoongeza mkojo, na baadhi ya matone ya presha ya jicho huweza kuzidisha ukavu. Ukitumia mojawapo, mwambie daktari. Usiache dawa ya presha kwa kichwa chako mwenyewe! Ni afadhali macho yachonyote kuliko kupata kiharusi, na mara nyingi dawa yaweza kubadilishwa.

Kwa watoto habari ni nyingine. Mtoto mdogo ambaye macho yake yamepoteza mng'ao, au haoni jioni, aweza kuwa amepungukiwa vitamini A. Huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

YANAYOSAIDIA NYUMBANI

La kwanza ni la bei nafuu kuliko yote, na kwa maoni yangu lina faida kuliko nusu ya chupa zinazouzwa madukani. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe ya moto wa kuvumilika. Jaribu mgongoni mwa mkono wako. Chovya kitambaa safi, kikamue, ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa. Kitambaa hupoa upesi, basi kichovye tena kila dakika moja au mbili, hadi zitimie dakika 5 hadi 10. Joto huyeyusha mafuta yaliyoganda. Kisha kwa kidole safi kanda kope polepole kuelekea ukingoni: ya juu unakanda kwenda chini, ya chini unakanda kwenda juu. Usilikandamize jicho lenyewe. Malizia kwa kufuta ukingo wa kope kwa pamba na maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Usitazamie nafuu siku ya pili. Subiri wiki tatu au nne. Wengi huacha wiki ya kwanza na kusema haikusaidia.

La pili ni machozi ya chupa, yaani matone yaliyotengenezwa kuiga machozi. Mengi ya yale tunayoyapata huku yana dawa inayoitwa haipromelozi. Hayaponyi, yanasaidia, kama miwani inavyosaidia. Kwa kawaida ni tone moja mara nne kwa siku. Ukihitaji zaidi ya hapo kila siku, rudi kwa mtaalamu, kwani dawa ya kuhifadhi iliyomo ndani ya chupa nyingi hulichubua jicho ikizidi, na kuna aina zisizo nayo. Ukavu mkali wa usiku husaidiwa na mafuta maalumu ya macho kabla ya kulala.

Nawa mikono kwanza. Vuta kope ya chini kwa kidole upate kama kijimfuko, tazama juu, dondosha tone moja humo bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha fumba macho dakika moja bila kupepesa. Tone moja tu! Nimekwisha kusema kwamba machozi yote ya jicho moja hayazidi robo ya tone. La pili na la tatu unaosha shavu kwa pesa yako.

Zaidi ya hayo, mpunguzieni mzee moshi. Jiko sanifu lenye bomba la kutolea moshi ni bora. Kama haliwezekani, fungueni dirisha, au mpikie nje. Kuni ziwe zimekauka. Na baada ya miaka 60 ya kupika, bibi ana haki ya kuketi mbali na mafiga na kuletewa chakula. Kofia pana au miwani, hata ile isiyo na nguvu, humkinga na upepo na vumbi. Feni isimpige usoni. Maji ya kunywa ni muhimu kwa kuwa wazee hawasikii kiu upesi, ila tusidanganyane kwamba birika la maji litaziamsha tezi zilizokufa.

Naulizwa pia juu ya vidonge vya mafuta ya samaki vinavyotembezwa mijini kwa bei kubwa. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa wa macho makavu kwa mwaka mzima, na waliopewa mafuta hayo hawakupata nafuu kuliko waliopewa mafuta ya zeituni. Sangara na dagaa wa ziwa letu tule, ni chakula kizuri. Pesa ya vidonge nunulieni matone.

YASIYOFAA KABISA

Msitie jichoni maji ya majani, mkojo, maziwa ya mama, sukari wala unga wa mganga. Jicho kavu halina kinga ya kutosha, kwa hiyo kijidudu au fangasi akiingia humo hana wa kumzuia. Kidonda cha konea kikipona huacha kovu jeupe, na kovu hilo likikaa mbele ya mboni, miwani haisaidii.

Hatari nyingine imevaa nguo za kizungu. Ni yale matone ya kupunguza wekundu yenye deksamethasoni au betamethasoni, ambayo mtu huuziwa dukani bila kupimwa. Yanapendeza, kwa sababu jicho hutulia siku ya kwanza. Lakini yakitumiwa muda mrefu bila usimamizi hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na kama kuna kidonda cha fangasi hukichochea. Daktari akikuandikia, tumia kwa siku alizosema, kisha rudi. Usimwazime jirani.

Njoo hospitalini bila kungoja ikiwa jicho moja peke yake limekuwa jekundu ghafla, lina maumivu makali, mwanga unaliumiza, kuona kumepungua, kuna usaha, au kuna doa jeupe juu ya weusi wa jicho. Vivyo hivyo ikiwa limechomwa na mwiba, bua au suke la mtama, hata kama jeraha linaonekana dogo. Zahanati itakupeleka hospitali yenye mtaalamu wa macho, na yakiwa makubwa utapelekwa Bugando.

Kwa wale ambao wameshapewa machozi ya chupa: chupa nyingi zikishafunguliwa mwisho wake ni wiki nne, hata kama dawa imebaki nusu. Andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua pale kwenye karatasi ya chupa, iweke mahali penye ubaridi mbali na dirisha la jua, na kila mtu katika nyumba awe na yake.